Mgawo wa Mia Tatu na Saba

Siku kiwanda kilipozimwa Webuye
shangazi Nakhumicha alikuwa na muhuri mkononi.
Akagonga roli ya mwisho ya karatasi ya kahawia:
4,112,783.
Wino ukakauka, king'ora hakikulia,
na ile harufu ya mayai viza tuliyozaliwa nayo
ikahama mtaani bila kuaga.

Malipo hayakuja. Alichorudi nacho nyumbani
ni mabaki ya karatasi, mzigo wa kichwani,
na hiyo nambari.

Kwenye marundo ya mitumba alikuwa amenunua, kwa shilingi kumi,
kitabu cha hisabati kilichovuka mpaka kutoka Tanzania.
Ukurasa wa tisa ulisema:
namba tasa ni ile isiyogawanyika
ila kwa moja, na kwa yenyewe.
Akalirudia neno.
Alikuwa analijua. Alikuwa amelisikia
kisimani, matangani, kwa mawifi zake,
likishushwa sauti kila akikaribia,
yeye aliyepewa jina la msimu wa kupanda mbegu.

"Haya, tuone," akasema, "kama na huyu ni mwenzangu."

Mgawo mmoja kila jioni, baada ya ugali,
kwa mwanga wa koroboi, penseli imechongwa kwa kisu.
Kwa mbili, ikabaki moja.
Kwa tatu, zikabaki mbili.
Tano haikuhitaji karatasi.
Kwa saba, tatu. Kwa kumi na moja, nne.
Kwa kumi na tatu zikabaki kumi na mbili,
akaniita: "Khisa, tazama, imepungukiwa na moja tu!"
kama mtu aliyefika dukani na shilingi pungufu.

Aligawa kwa tasa peke yao.
Nyingine zote, alisema, ni watoto wao;
mzazi akishakataa, mwana hana la kukujibu.
Mahindi yakapandwa, yakapaliliwa, yakavunwa.
Nzoia ikajaa, ikapungua.
Baki juu ya baki,
ukuta wa jikoni ukavaa karatasi,
na majirani wakasema kiwanda kimeondoka na akili yake.
Miezi kumi na siku kadhaa,
mimba ya kupitiliza.

Alijua pa kukomea. Kipeuo cha pili:
elfu mbili na ishirini na saba, na vipande karibu vijae.
"Ikivuka hapo haijagawanyika, nitaiandika mlangoni."
Ilibaki tasa moja kabla ya ukingo,
2,027,
ya mia tatu na saba katika orodha yake.
Akagawa. Penseli ikasimama.
Akafuta, akagawa tena.
Sifuri.

Jibu lilikuwa 2,029.
Pacha. Mukhwana na Mulongo,
wamepishana kwa mbili, katikati nafasi ya mtu mmoja.
Na alipowajaribu wao wenyewe, mmoja mmoja,
kila mmoja alikuwa tasa.

Hakucheka wala hakulia. Alipuliza unga wa kifutio mezani.
"Kumbe hawa ndio wanaozizaa zote," akasema.
"Aliyewapa jina hilo hakuwa amehesabu."

Nilipofika kidato cha pili tukafundishwa tofauti ya miraba.
Nikaja mbio, vitabu kwapani:
Shangazi, ungeongeza moja tu!
4,112,784, yaani 2,028 mara yenyewe,
na pacha wangetoka bila kuitwa,
mmoja huku, mmoja kule!
Kwa mbili, kwa tatu, kwa kumi na tatu,
nambari ilikuwa ikikuomba hiyo moja.

Alikuwa anachambua maharagwe.
"Na zile jioni mia tatu," akauliza, hakuinua uso,
"ungenipa nizifanyie nini?"